Haitauma

Birthe alinibandika namba mgongoni
kwa pini nne; ya tano ikanichoma.
"Pole," akasema, pini nyingine mdomoni.

Kilomita ishirini za kwanza nilikuwa mtu kati ya watu:
magurudumu yakivuma kama mzinga,
viwiko vikigusana, harufu ya dawa ya misuli,
nami, tarishi wa Lemvig, ndani yao.

Kisha barabara ikapinda kuelekea baharini.
Upepo wa huko unadai
kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.
Kundi likakatika mbele yangu, uzi wa shanga,
nami ndiyo ile iliyobingirikia uvunguni.

Miguu ikawa ya kuazima.
Nyuma yangu, gari la kuzoa waliochoka
likajikokota kama fisi
angojaye mkono udondoke.

Ndipo akanipita Gunhild, daktari wangu wa meno,
miaka sitini na miwili, soksi za njano.
"Nifuate kwa karibu, nikukinge. Haitauma."

Neno lile lile
la mwezi Machi, koleo mkononi.

Nilimfuata.
Iliuma.

Tulipofika walikuwa wakikunja turubai,
supu imebaki ya kukwangua.
Birthe akazifungua pini, akahesabu: nne.

Usiku, kitandani,
ya tano ikajitambulisha.