Nyuzi Sita

Gitaa lilikaa juu ya kabati miaka thelathini na minne,
nyuma ya sanduku la mapambo ya Krismasi
na koti la Zenon ambalo hakuna aliyethubutu kuligawa.
Bogumila alipanda kiti, akalishusha kwa shingo
kama bata wa sokoni.
Vumbi. Chafya tatu.
Ndani ya tundu kitu kikagongagonga:
kifungo cha shati, cha bluu,
si cha mtu yeyote anayemkumbuka.

Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika zenyewe,
nne zimeshika kutu.

Dukani, kijana mwenye kipini puani aliuliza,
"Za mjukuu?"
"Zangu."
Kijana akainama haraka, akatafuta za nailoni,
laini, akasema, zisizoumiza.
Bogumila akataka za chuma.

Usidhani ni ukaidi. Mwanamke huyu anaujua uzi.
Hapa Lodz, kwenye kiwanda cha matofali mekundu,
mitambo mia nne ikifuma bila kupumua,
alipita katikati yake zamu za usiku
akiutafuta uzi uliokatika kwa ncha za vidole,
akiupiga fundo kabla mtambo haujajua.
Miaka ishirini na sita. Pamba mapafuni, pamba nyweleni,
na kelele ile ikalila sikio la kushoto
polepole, kama panya alavyo mkate, kutokea ndani.

Kabla ya hapo alikuwa msichana wa bweni la kiwanda.
Alipigia kwenye ngazi,
maana saruji hurudisha sauti vizuri kuliko ukumbi,
na wenzake tisa wakisikiliza huku wakifua soksi.
Kisha mapacha. Kisha mama akapooza.
Kisha foleni ya nyama.
Hakuna siku aliyosema, leo naacha.
Vitu vingi huachwa hivyo.

Sasa ana miaka sitini na minane, na baridi yabisi
imehamia kidole cha pete kama mpangaji asiyelipa.
Mkono wa kulia ulikumbuka yote.
Wa kushoto ulisimama mlangoni kama mgeni.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Basi waje waione kordi ya Fa:
kidole kimoja, cha shahada,
kilale juu ya nyuzi zote sita, kizibane.
Nne zikanyamaza, moja ikalia, moja ikakoroma.
Akajaribu tena. Ikakoroma.
Akatamka neno asilolisema mbele ya padri.

Siku ya tisa malengelenge yalipasuka.
Wiki ya nne ngozi ikaanza kukomaa,
naye asubuhi akawa anagonga meza ya jikoni,
tak, tak, tak,
apate kuusikia ugumu wake.
Sugu alizostaafu nazo zilikuwa za kiwanda.
Zilishalainika zamani, hakuna aliyezidai.

Usiku mmoja alichoka, kichwa kikainama,
taya likagusa mbao,
na uzi mnene ukampanda mfupani
ukatokea kushoto,
pale ambapo hakikuwa kimeingia kitu tangu Zenon yu hai.
Hakusogea. Akaupiga tena.
Supu ya bitiruti ikaungua, harufu ikajaa nyumba,
naye bado taya mbaoni,
kama mtu anayesikiliza ukutani mambo ya jirani.

Jirani mwenyewe, Bwana Walenty wa ghorofa ya chini,
walikutana naye kwenye ngazi.
"Jana hukupiga."
"Kidole kilivimba."
Akahamisha mfuko wa viazi toka mkono huu hadi ule.
"Pale unapokwama," akasema,
"unakwama kila siku palepale."
Akaingia kwake bila kuaga.

Jioni Bogumila akakaza nyuzi, akaanza.
Akakwama palepale.
Chini kukawa kimya,
kimya cha mtu anayengoja.