Kumi na Sita

Simu ya mama mdogo Somoe
ina herufi kubwa kama kibao cha zahanati.
Alizikuza mwenyewe, dukani kwa Mchopa,
akasogeza kidude kulia hadi mwisho,
na jumbe zote zikanenepa, zikamtii,
hata zile za kudai deni la salio.
Ukurasa wangu peke yake
ukabaki na pikseli zake kumi na mbili.

Ukurasa wa chama cha msingi. Niliujenga mimi,
chumba cha nyuma ya duka la madaftari, Newala,
ndoo mbili za maji ya kununua zikinitazama.
Niliuona mzuri. Herufi nyembamba, za kijivu,
zimekaa kama korosho daraja la kwanza kwenye sinia.
Bei ya mnada niliiweka chini, kulia, kwa adabu.

Siku ya mnada wa tatu aliikodolea macho bei hiyo,
akaipeleka mbali, akaileta karibu,
akaivuta kwa vidole viwili, sentensi ikatorokea ukingoni.
Akachoka. Jioni akapita mtu wa kangomba na bakuli lake,
akampimia gunia moja na nusu
kwa bei aliyoitaja kwa sauti kubwa.
Sauti kubwa, unaona. Hiyo aliisikia.

"Za wenzako nimezikuza, zimekua.
Zako nimeziita, hazikuitika.
Umezifundisha nini?"

Usiku nikafungua faili.
Pikseli ni msumari: ukishapigilia, umepigilia.
Lakini tulikuwa na shubiri, dhiraa, pima,
vipimo vinavyotoka mwilini mwa anayepima.
Rem ni shubiri ya kioo. Kabla ya kupima huuliza,
mkono wa nani?

Na mzizi wa ukurasa, usipoguswa na mtu, ni kumi na sita.
Nikacheka peke yangu. Kumi na sita!
Ndizo mizani mwalimu Nandonde
alizotuhesabisha kwa vidole pale Kitangari,
vyetu vikiisha tunaazima vya jirani.
Basi nikagawa, na kugawa kukashika mdundo:

   Ishirini nayo nne, kwa kumi na sita gawa,
   Moja na nusu, nione, kichwa kimekaa sawa,
   Kumi na mbili zipone, robo tatu zimekuwa,
   Bei naikuza, nene, mama asije ibiwa.

Mdundo ukanilewesha, nikakosea.
Kwenye orodha ya matawi niliandika em,
nikidhani em na rem ni mtu na pacha wake.
Ni ndugu, ila em humtazama mzazi, si mzizi.
Nikatoa nukta nane: wilaya.
Ndani yake kata, nukta nane ya wilaya.
Ndani yake kijiji, nukta nane ya masalia.
Wilaya ilisomeka. Kata ilitaka ukunje uso.
Kijiji cha Somoe kilikuwa vumbi la maganda.
Hesabu hii Kusini tunaijua bila kompyuta.
Nikaifuta.

Mstari wa mpaka wa jedwali niliuachia pikseli yake moja.
Si kila kitu kina haja ya kukua.

Asubuhi alifungua, nikiwa nimesimama nyuma yake.
Namba zikajaa kioo. Jedwali likayumba,
"stakabadhi" ikabaki juu,
"ghalani" ikaangukia mstari wa pili.
Nikaona aibu, nikanyoosha mkono niipokee simu, nirekebishe.

Hakunipa. Alikuwa ameshaisoma bei,
mara mbili, kwa sauti,
kisha akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole
lile gunia moja na nusu.
Vilipomwishia,
nikampa vyangu.