Jozi ya Saba

Juni, Sae. Ukungu umekaa juu ya mabati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Bwana Anganile amelileta gari likivutwa kwa kamba,
pembetatu nyekundu inawaka kwenye dashibodi,
na mkewe, Subilaga, kiti cha mbele,
anamenya chungwa bila kukata ganda.

"Gari hili halijavuka Uyole tangu Pasaka.
Nyumbani, kanisani, sokoni Kabwe. Basi."
Alikuwa mkaguzi wa hesabu.
Husema "basi" kama anayegonga muhuri.

Mjomba aliyenifundisha kazi alisikiliza injini kwa bisibisi,
mpini sikioni, macho kayafumba,
akasema: vali ya tatu. Na vali ya tatu ikakiri.
Gari hili hata likiwaka halisemi neno.
Ukiliwekea bisibisi utasikia damu yako mwenyewe.

Basi nachomeka skana chini ya usukani,
kidude cha kiganjani chenye ufa kwenye kioo,
nilichokinunua Tunduma kwa pesa ya mbuzi wawili
na maneno ya mke wangu juu.

P, sifuri, A, themanini.
Yaani: badilisha betri nzima.
Fundi mwenye njaa huishia hapo:
milioni kadhaa, bosi, na kungoja meli.
Nimewahi kuwa fundi mwenye njaa,
ndiyo maana siku hizi nasoma hadi chini.

Jozi kumi na nne.
Volti kumi na tano nukta nane, nukta nane, nukta saba,
zinashuka kwenye kioo kama watoto kwenye foleni ya uji,
hadi ya saba: kumi na tatu nukta tisa.
Ya saba hukaa katikati,
mahali ambapo joto halina mlango.

Na chini ya msimbo kuna ukurasa wasioufungua wengi.
Gari likiugua huipiga picha dakika ile,
likaificha.
Injini imewaka dakika sabini na moja.
Mwendo thelathini na nne, kanyagio limezama.
Nje, nyuzi kumi na moja. Betri, hamsini na nane.
Mbeya hii haina kanisa la mbali hivyo.
Huo ni mlima wa Isyonje ukitokea Tukuyu,
alfajiri, vioo vimefungwa, mzigo nyuma.

Sisemi.
Navaa glovu nene, nachomoa plagi, nangoja dakika kumi
(nyaya zile za rangi ya chungwa hazijui msamaha),
nang'oa kiti cha nyuma.
Tunduni, pale betri inapovutia pumzi:
manyoya.
Laini, ya njano, ya vifaranga wa siku moja.

Bwana Anganile yuko nje, anabishana na simu kuhusu mbolea.
Subilaga amegeuka. Ganda la chungwa limekatika.
Ananitazama kama mtu atazamavyo mzani
kabla mshale haujatulia.
Pesa hizo ni ada ya nani, au paa la nani huko Rungwe,
skana haina ukurasa huo.

Nasema kama naongea na brashi:
"Maboksi usiyaegemeze upande wa kulia.
Tandaza kipande cha chandarua tunduni,
ukikung'ute kila ukirudi."
"Kila nikirudi kutoka wapi?"
"Kanisani."

Napachika moduli mbili za gari lililopinduka Mlima Nyoka.
Feni inakohoa njano, kisha inazunguka.
Skana inauliza: nifute?
Ikifuta msimbo hufuta na picha,
zile dakika sabini na moja, ile alfajiri yote.
Bwana Anganile ameingia, anapangusa miwani.
"Ilikuwa nini?"
"Vumbi," nasema,
kidole kikibonyeza ndiyo.

Akalipa. Akadai risiti. Akaikagua.

Jumamosi, kabla sijafungua karakana,
boksi mlangoni, lenye matundu, linalia.
Nimehesabu mara mbili: kumi na nne.
Wa saba sijui ni yupi.