Wali wa Ghorofa Mbili

Orodha niliiandika Jumanne, nyuma ya bili ya maji:
mbuzi kilo tatu, kwa Gathecha wa Burma, mbavu asikatekate;
mchele wa Mwea, ule wa zamani, usioshikana;
dania, ndimu, viti vinne vya kuazima.
Chini kabisa, kwa kalamu nyingine:
usimkumbushe Okinda habari za shamba.

Watu wanane. Nina sahani sita zinazofanana
na mbili za ua la bluu, zilizobaki harusi ya dada.
Moja ni yangu. Ya pili
ni ya yeyote atakayechelewa kuliko wote.

Maji ya mfereji huja Alhamisi. Leo Jumamosi.
Madumu yamejaa, ndoo zimejaa, hata beseni la mtoto.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga;
hawakumwona mwenyeji saa kumi na moja jioni,
kitambaa cha kichwa kimeteleza, kitunguu machoni,
akipangusa kwa soksi vumbi la juu ya friji
ambako hakuna mgeni mwenye urefu wa kupaona.

Niliwaambia saa moja.
Nairobi, saa moja ni wakati wa kuingia bafuni.
Okinda peke yake alifika kumi na mbili na nusu,
tikiti maji kwapani kama faili la ofisi,
akaketi, na kabla sijampa maji ya kunywa
akaanza habari za shamba.

Wali ulikuwa ndio kwanza unalinywa tui.
Moto ukakohoa mara mbili,
ukawa mwembamba, samawati, kama uzi,
ukazimika.
Nikatikisa mtungi: mwepesi kama ahadi ya fundi.
Duka la gesi simu inaita, haishikwi.
Na wali, jamani, una adabu zake,
ukiukatiza safari hausamehe:
nje uji, ndani mchanga.

Juu yangu, ghorofa ya nne, anakaa Kasyoka.
Hatujasalimiana tangu Aprili,
shuka lake lilipochuruzikia shuka langu lililokwisha kukauka,
nikasema neno, naye akasema mawili,
tukawa tunapishana ngazini
kila mtu akisoma matangazo ya ukutani.

Nikabeba sufuria kwa leso mbili.
Vidato ishirini na viwili. Nilivihesabu, kwa kuwa sikuwa na hotuba.
Akafungua. Akatazama sufuria, si mimi.
"Umetia maji mengi."
Akaepua maharagwe yake, akaniachia jiko kubwa.

Tulisimama dakika ishirini
tukiutazama mfuniko kama televisheni.
Shuka halikutajwa.
Alitaja iliki. Nikasema nimeisahau. Akafungua kopo.

Saa mbili na nusu nyumba ilikuwa imefurika:
Mutheu na mumewe, ambaye hali nyama tangu Januari
(hakuna aliyeniambia);
Nyaboke na keki iliyolala ubavu;
watoto wa Sadia, waliokuja wawili wakahesabika watano.
Viti vikaisha. Ndoo zilizokwisha maji
zikapinduliwa, zikapewa mito.

Kisha mlango. Kasyoka, amebadilisha gauni,
mikononi sufuria ya maharagwe.
"Nimekuletea mfuniko wako," akasema,
na mfuniko wangu uko mezani, juu ya wali,
mbele ya macho ya kila mtu.

Nikampa ua la bluu.
Mume wa Mutheu aliyapokea maharagwe
kama mtu aliyelipwa deni alilokwisha kulisahau.
Wali? Juu laini mno, katikati umeiva,
chini ukoko, ambao Okinda aliugombania na watoto
hadi shamba likamtoka kichwani.

Saa sita usiku, nikisuuza vyombo kwa kikombe, kwa uchoyo,
niliisoma tena ile orodha.
Kila kitu kilikuwa na alama yake
isipokuwa gesi, ambayo sikuwa nimeiandika.
Juu, miguu ya Kasyoka ilikwenda, ikarudi.
Kitu kikaanza kudondoka nje ya dirisha, to, to.
Shuka, bila shaka. Nani anafua saa hizi?

Nikalianua langu,
nikazima taa.