Jina Limeshachukuliwa

Erdenet, chini ya duka la viatu,
kompyuta thelathini zinanguruma,
na Dulmaa, mpishi wa mgodini, miaka hamsini na tisa,
anaulizwa jina.

Anaandika lake. Limeshachukuliwa.
La marehemu mumewe. Limeshachukuliwa.
Nani huko anatembea na jina la Gombo wangu?
Anaandika Saaral, farasi wa utotoni,
mbishi, mwenye kuchechemea.
Limekubaliwa.

Sasa ana upanga wa mti, suruali ya viraka
na miguu isiyomtii.
Anagonga ukuta. Anageuka. Anagonga ukuta.
Kijana wa kiti cha pili anaangua kicheko,
kisha anasogeza kiti:
"Kidole hiki mbele, mama. Hiki, ruka."
Anaruka.
Mtoni.

Anafufuka palepale, viraka vilevile.
Kumbe huku kifo hakina matanga.

Mtu mwenye mabawa, sijui wa nchi gani,
anamtupia mkate bila neno.
Dulmaa, aliyewapakulia wachimbaji miaka thelathini,
anautazama mkate ule, anautazama,
hajui kitufe cha asante ni kipi.

Basi anaruka.
Anaruka, anaruka.