Kwa Shekue, Kutoka Kibanda cha Vitabu, Mwembe Tayari

Shekue, nimekisoma, kitabu cha udukuzi,
Nusu ni ya kuazima, kunakili si ujuzi,
Amri zimesimama, kama bei za viazi,
Hujanambia kwa nini, mlango ulifunguka.

Ila ukurasa tisa, duka la rangi, Majengo,
Mwenye katoa ruhusa, uujaribu mlango,
Siku tano ukakosa, ukavunjika maungo,
Nywila i kwenye ukuta, kwa chaki inasomeka!

Hapo ndipo nimecheka, peke yangu kibandani,
Nami yangu huiweka, kwa kalamu, kalendani.
Kurasa ulizodaka, fungia njugu sokoni,
Niletee siku tano, hizo ulizoumbuka.