Uzito wa Ndoo

Nilikuwa sahihi. Naliandika hilo mwanzo
maana ndilo nililolilalia siku kumi na moja,
kama mto wenye mawe ndani.

Ghala la ushirika, Sikonge, mwezi wa sita.
Warina asali wamepanga ndoo hadi barabarani,
nyuki wamefuata mali yao, wanatembea juu ya leja,
na Msabila, miaka kumi na tisa mbele ya mizani ile ile,
akasoma: kilo ishirini na saba.

"Hujatoa ndoo!" nikasema.
Sikusema. Nilipaza.
Mbele ya wenye asali, mbele ya mlinzi,
mbele ya mama mmoja wa Kitunda aliyeanza kucheka
akaziba mdomo kwa kanga.

Msabila akatoa ndoo. Kilo moja na robo.
Akaandika. Akafunika kalamu.
Tangu hapo akawa anaongea nami kupitia kwa mlinzi:
"Mwambie huyo msomi, ghala linafungwa saa tisa."
Nami nipo pale pale, hatua tatu,
nangoja nitafsiriwe Kiswahili kwa Kiswahili.

Chuoni walitufundisha vitabu vya hesabu,
debiti huku, krediti kule.
Hakuna aliyesema mtu huingizwa safu gani
ukishamsahihisha hadharani.

Siku ya nne nilileta karanga. Akawagawia wapakiaji.
Siku ya saba nikasema, "Samahani kama ulikwazika,"
na hilo *kama* lilisikika hadi nje;
mlinzi mwenyewe alitikisa kichwa.

Siku ya kumi, jioni, watu wameondoka,
nikaweka ndoo tupu juu ya mizani, basi tu, mikono haina kazi.
Sindano ikapanda. Kilo moja na robo.
Haina kitu ndani, na bado ina uzito.
Nikaisikia sauti yangu ya siku ile.
Neno lilikuwa asali, safi, sikatai.
Ila nilimpimia Msabila pamoja na ndoo.

Asubuhi nikafika kabla ya warina.
"Mwangaluka, Msabila."
Akaitikia. Salamu hanyimwi hata mdeni.
"Siku ile nilikufokea mbele ya watu.
Ningekuja pembeni, ningenong'ona. Sikufanya hivyo."
Nikanyamaza. Hapo ndipo palipokuwa na kazi:
*lakini* ilikuwa imekaa ulimini, imeshavaa viatu.

Hakusema yamekwisha.
Alichovya kijiti katika ndoo iliyolala ghalani, akakiinua.
Uzi ukashuka, ukakatika mapema.
"Kalunde, hii ina maji. Itachacha.
Umeona ilivyokatika?"
Sikuwa nimeona. Nikamwambia sijaona.
Akachovya tena, polepole zaidi.

Siku hizi yeye husoma, mimi hurudia kwa sauti ya chini,
kisha naandika.
Akiteleza, nagonga meza kwa ukucha, mara moja.
Nami jana niliandika sita badala ya tisa:
alikohoa, akaitazama dari
mpaka nikaona mwenyewe.
Mwenye asali alikuwa anahesabu noti zake, hakujua lolote.

Anayelalamika ni mlinzi.
Anasema tumemnyima kazi ya ukalimani.